"Kwa saa hizo chache, sofa inakutosha": nimeambiwa hivi na hoteli ya nyota tano

Begi Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto, na sina nia ya kuisubiri ipoe. Ile hoteli ya vioo iliyo jirani na uwanja wa ndege mnaijua, kwa hiyo sitaitaja, na yule meneja wa zamu ya usiku anayeikodolea macho kompyuta kana kwamba ndiyo iliyomzaa mnamjua pia. Nilifika usiku wa manane, chumba nikiwa nimekwisha kukilipia chote, kikao kikinisubiri asubuhi, naye akanitamkia mbele ya ukumbi uliojaa watu: "Kwa saa hizo chache, sofa inakutosha."

Jioni hiyo safari kadhaa za ndege zilikuwa zimefutwa kwa sababu ya ukungu, na mashirika yakachukua vyumba kwa ajili ya abiria wao waliokwama. Hoteli yenyewe ilikuwa imekwisha kuuza vyumba vingi kuliko ilivyonavyo, ikitegemea kwamba baadhi ya wageni hawatatokea, kama zifanyavyo hoteli nyingi duniani. Hilo nalielewa. Lakini utaratibu unaofahamika katika biashara hii ni kwamba hoteli ikizidiwa na oda zake yenyewe, humtafutia mgeni chumba katika hoteli nyingine ya hadhi ileile, ikalipia usiku huo pamoja na gari la kumfikisha huko. Mimi nilipewa sofa. Nilipoomba blanketi, bawabu alinihurumia akaniletea taulo la bwawa la kuogelea, lenye nembo ya hoteli iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu na pindo ambalo bado lilikuwa bichi.

Kinachonichoma zaidi ya sofa na taulo ni hayo maneno "saa hizo chache". Hoteli ya wafanyabiashara iliyo mlangoni mwa uwanja wa ndege inauza nini kama si saa chache? Nani anakwenda kukaa pale mwezi mzima akitazama maegesho? Tunalipa bei ya kutisha kwa ajili ya saa hizo hizo chache za kulala, kuoga na kunyoosha shati, halafu mtu anayelipwa mshahara kwa kutuuzia anatuambia kwamba si kitu! Alisema hivyo bila hata kuinua macho. Kwa saa hizo chache, sofa inakutosha!

Dirisha la Kushoto

Pole sana, mkuu. Huyo bwana ninamfahamu, na kwangu alifanya jambo linalofanana na hilo: alinipa chumba ambacho mgeni mwingine alikuwa amelala ndani, nikafungua mlango kwa kadi niliyokabidhiwa, tukabaki tunatazamana na mzee wa watu aliyevaa bukta. Nilipokwenda kulalamika, aliniuliza kama nilibisha hodi.

Mzee wa Transiti

Mleta uzi, unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Wenzako hulala sakafuni uwanjani wakikumbatia mabegi, wewe ulikuwa kwenye sofa ya ngozi yenye kiyoyozi. Isitoshe, chumba kisichodhaminiwa kwa kadi hoteli nyingi huwa na desturi ya kukiachilia saa kumi na mbili jioni. Ungewapigia simu kwamba utachelewa.

Begi Mkononi

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini soma tena nilichoandika. Chumba kilikuwa kimelipiwa chote, na chumba kilicholipiwa hushikwa usiku kucha hata mgeni akifika alfajiri. Na hata kama ningekuwa nimekosea kila kitu, je, hiyo ndiyo kauli ya kumwambia mgeni? Sofa inakutosha?

Mama Zamu

Niliwahi kufanya kazi mapokezi, kwa hiyo nawaeleza jinsi hesabu inavyokwenda. Vyumba vya marubani na wahudumu wa ndege vina mkataba wa muda mrefu na haviguswi, na wateja wa makampuni makubwa hawaguswi. Anayebaki ni mgeni wa usiku mmoja aliyenunua kupitia tovuti ya watu wengine, kwa kuwa meneja anaamini hatarudi tena. Kauli ile ni mbaya na siitetei, lakini uamuzi wenyewe ulikuwa umefanyika kabla hujashuka kwenye gari.

Risiti Mfukoni

Wote mnazungumzia kulala, hamzungumzii fedha. Hoteli hiyohiyo ilizuia kwenye kadi yangu kiasi kikubwa kuliko bili, eti ni amana ya vinywaji vya kwenye friji, na sikugusa hata chupa ya maji. Nimeondoka, bili nimemaliza, na fedha bado zimezuiwa. Hoteli inaniambia niulize benki, benki inaniambia niulize hoteli.

Dirisha la Kushoto

Ndugu Risiti, siku nyingine toa kadi ya mkopo badala ya kadi ya akaunti yako. Kwa kadi ya mkopo wanapunguza kiwango unachoruhusiwa kukopa, lakini kwa kadi ya akaunti wanakuzuilia fedha zako mwenyewe za kula.

Mzee wa Transiti

Hilo la kadi ni kweli, lakini baya zaidi ni basi lao la bure. Linaondoka kila nusu saa kwa maneno ya kwenye tovuti, kumbe linazunguka hoteli nne kabla ya kufika uwanjani, nasi tumesimama ndani na mabegi magotini huku kaunta ya ndege inafungwa.

Begi Mkononi

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Aliniambia sofa inanitosha.

Mama Zamu

Tumekusikia, mdogo wangu. Mzee, hilo basi huwa ni la kukodi na dereva si mwajiriwa wa hoteli, ndiyo maana mapokezi hawawezi kumharakisha. Omba teksi usiku uleule unapofika.

Risiti Mfukoni

Na hiyo teksi wakiniitia wao, wataiweka kwenye bili au wataizuia kwenye kadi pia?