Muuzaji wa mtandaoni Marekani akichelewa kutuma mzigo, sheria inasemaje?

Swali: Ndugu zangu mnaoishi huku Marekani, nimelipia viatu vya mwanangu katika duka moja la mtandaoni, na wiki ya sita hii sijaona mzigo wala maelezo, sasa wananipa kuponi badala ya fedha zangu. Je, wanaruhusiwa?

Jibu la kwanza: Pole sana, dada. Hawaruhusiwi. Kanuni ya FTC (tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja), iliyotungwa mwaka 1975 kwa maagizo ya posta na ambayo sasa inahusu pia intaneti, inamtaka muuzaji atume bidhaa katika muda alioutangaza, au ndani ya siku 30 ikiwa hakutaja muda. Akishindwa, lazima akuarifu na akupe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa fedha zako. Faini yaweza kupita dola 50,000 kwa kila kosa.

Jibu la pili: Mwaka 2020 kampuni ya mavazi ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 9.3, kwa tuhuma za namna hiyo hiyo, zikiwemo kadi za zawadi badala ya fedha. Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, iandikie benki kupinga malipo hayo, ukiambatisha risiti, kabla hazijapita siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza inayoyaonyesha.