Mkrismasi wa bustani ya mtaa: tupogoe sasa au tusubiri masika yapite?

MwanaNgambo
Assalaam alaykum. Tuko kwenye usafi wa bustani ya mtaa wetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, pale wanapobarizi wazee jioni na watoto wanacheza. Asumini tumeshazipunguza, bogonvilia iliyovamia ukuta tumeishusha. Umebaki mkrismasi mkubwa wa katikati, ule mti wa maua mekundu. Kaskazi linamalizia na masika ndiyo hayo. Nikiupogoa sasa utaumia, au nisubiri mvua zipite? Nnaomba jibu leo, silali vizuri kwa ajili ya mti huu.

BiAsumini
Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza hizo asumini, mlizikata zikiwa na vikonyo au zimeshamaliza kuchanua? Yangu huipunguza kila ikimaliza. Ikipata maji inachipua, na ua hukaa kwenye chipukizi jipya. Jioni nnachuma sinia zima, natunga vikuba. Mkrismasi siujui.

MsemaHaki
Mti wenyewe wa kuja, asili yake Madagaska. Ung'oeni mpande mwarobaini, angalau ni dawa.

BwanaShamba
Mwarobaini nao ulitoka Bara Hindi. Tukianza kung'oa vya kuja, hata mikarafuu itaondoka, maana ilitoka visiwa vya Maluku.

Ndugu, tawi kavu hukatwa wakati wowote. La kijani, msizidi robo ya majani ya mti kwa mwaka. Tawi zito likateni mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike likianguka. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Mwisho mkiondoe kile kisiki, lakini muuache ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, kwa sababu ndipo jeraha linapofungia. Msipake rangi wala lami. Ila nikuulize: mti umeshamaliza maua, una maganda tu. Haraka ya nini?

MwanaNgambo
Umeegemea kidogo.

BwanaShamba
Tangu zamani, au umeanza?

MwanaNgambo
Umeanza. Haya, niseme yote. Mizizi ilikuwa inainua njia, wazee wanajikwaa, bibi mmoja akavunjika mkono. Kamati ikaamua njia itengenezwe upya, na mafundi wakakata mizizi ya upande ule, mitatu minene. Msinilaumu, ungekuwa mkono wa mama yenu mngefanya vivyo hivyo. Sasa tumekubaliana ukatwe kichwa chote upungue uzito, na mkataji ameshapewa arbuni. Atapanda Jumamosi. Nilichotaka kujua ni kama siku hizi zinafaa.

KijanaWaWete
Kateni tu kichwa. Kwetu Pemba mlangilangi hukatwa ukabaki usawa wa mtu, tunachuma maua tumesimama chini. Babu alikuwa na shamba zima, alfajiri harufu inakufuata mpaka skuli. Haukufa hata mmoja.

BwanaShamba
Mlangilangi hukatwa ungali mchanga ili utanuke chini. Mkrismasi mzee ukikatwa kichwa hutoa fito nyingi kwa pamoja, zimeshikilia juu juu tu, na ndani mti unaoza. Zikishakuwa nzito zinakatika. Mizizi ilikatwa upande gani?

MwanaNgambo
Kusini.

PopoteNipo
Jamani, mbona kila akiulizwa habari inaongezeka? Alianza na kupogoa, ukaja kuegemea, ikaja mizizi, sasa arbuni. Bado kidogo tutaambiwa mti una jini. Mie nahisi hii imetungwa. Tia picha.

MsemaHaki
Hata mie. Mti uliokatwa mizizi mitatu minene hausimami.

BiAsumini
Jini msilitaje ovyo, kuna wenye watoto wadogo humu.

MwanaNgambo
Wallahi situngi. Picha sitii kwa sababu mtaa utajulikana, na mafundi ni watoto wetu. Upande wa kusini udongo umeachia, kuna ufa umepinda kama hilali nyuma ya shina. Asubuhi nilitia vidole vinne vikaingia mpaka kwenye vifundo. Upepo ukipiga, ufa unapanuka, kisha unajifunga, na chungu wanatoka wamebeba mayai yao. Nitunge hayo nipate nini?

BwanaShamba
Basi acheni habari ya kupogoa. Mizizi ya upande unakotoka upepo ndiyo inayouvuta mti usilale. Masika yatalainisha udongo, na kusi likija litausukuma kuelekea kaskazini, na cha kuuzuia hakipo tena. Ufa ukipanuka na kujifunga, mizizi iliyobaki inanyanyuka pamoja na udongo wake. Leo hii fungeni kamba kuuzunguka, mbali kuliko urefu wa mti wenyewe. Wazee na watoto wahame. Nenda kwa sheha akufikishe kwa watu wa misitu, maana kukata mti kunataka kibali. Na huyo mkataji asipande. Narudia, asipande. Uzito wake na mtikisiko wa msumeno vinatosha kuung'oa akiwa juu.

MwanaNgambo
Arbuni imeshaliwa. Na mti ule nimekulia chini yake, ukikatwa kichwa angalau shina litabaki.

BwanaShamba
Nakuelewa, kaka. Lakini usiweke rehani roho ya mtu kwa ajili ya shina. Arbuni ibaki, kazi ibadilike: kibali kikitoka, ushushwe vipande vipande, mkataji akiwa kwenye gari la ngazi. Maganda si yapo? Chukua mbegu, zikwaruze kwenye jiwe, ziloweke usiku kucha, uzipande masika haya haya. Ila mbali na njia.

PopoteNipo
Ikiwa ni kweli, samahani ndugu yangu. Mkataji umeshamwambia?

MwanaNgambo
Kamba tumefunga, na sheha nnamuona baada ya magharibi. Mkataji hapokei simu. Nnakwenda kwao sasa hivi.