Tabia za wazazi na ndugu wa mtoto mwenye usonji (autism): tuulize nini, tupime vipi?

MwlNgamiani
Wanajamvi, salaam. Kwenye fomu ya kumpokea mtoto katika kitengo cha elimu maalumu (Tanga mjini) kuna mstari mmoja tu kuhusu ukoo: "Je, kuna mwingine mwenye tatizo kama hili?" Karibu kila mzazi anaandika "hakuna". Waliobobea naomba msaada. Tabia zipi hasa za kuulizia kwa baba, mama na ndugu wa damu? Tunazipima vipi bila kumbandika mtu ugonjwa? Na mtoto atafaidika nini?

Raskazone
Mwalimu, swali lenu lenyewe ndilo linalozaa "hakuna". Mzazi anatafuta kichwani mtoto mwingine asiyesema, hamwoni, anaandika. Kinachotembea kwenye ukoo mara nyingi ni hafifu kuliko usonji wenyewe. Mwaka 1977 Folstein na Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha Uingereza. Kati ya jozi 11 za wanaofanana (wenye vinasaba sawa), 4 tu ndizo ambazo pacha wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Walipohesabu pia kuchelewa kusema na matatizo ya kujifunza, wanaofanana wakawa jozi 9 kati ya 11, wasiofanana wakabaki na 1. Hiyo ndiyo sehemu ambayo fomu yenu haiigusi.

Ulizia maeneo matatu. La kwanza ni kujitenga: mtu haoni raha ya kukaa na watu, si kwamba anawaogopa. La pili ni ugumu wa kubadilika. Chukua mtu ambaye lazima baiskeli yake ipite Barabara ya 8. Siku wakichimba mtaro hapo, kazi yote ya asubuhi imeharibika.

La tatu ni matumizi ya lugha, na hapa Tanga tumebarikiwa kipimo: mafumbo. Mgeni kasimamishwa mlangoni, anasema, "Kumbe kwenu viti vya kuuza?" Mwenyeji anajibu kwa dhati, "Hapana, hatuuzi." Ulizia kama mtu huyo hupitwa na vijembe, kama huongelea jambo moja hadi wenzake wanaanza kuaga, kama hachagui maneno kati ya bosi na mtoto. Ulizia pia nani kwenye ukoo alichelewa kusema au kusoma.

MwlNgamiani
Shukrani, mkuu. Kumtazama mtu machoni je? Na wale wasiokosa swala hata moja kwa wakati wake?

Raskazone
Macho yaache kabisa. Binti anayeinamisha uso mbele ya mzee, au mkwe anayemkwepa mama mkwe, hiyo ni adabu. Swala tano nazo ni ratiba ya watu wote. Angalia mtu akilazimika kubadili: yule anayevurugika kwa sababu sahani imewekwa upande mwingine wa jamvi, huyo mwandike.

Dodoso36
Kwa kupima, lipo dodoso la BAPQ la Hurley na wenzake (2007), la kupima tabia hizi hafifu kwa watu wazima. Lina sentensi 36, yaani 12 kwa kila eneo kati ya hayo matatu, na kila moja inajibiwa kuanzia 1 (mara chache sana) hadi 6 (mara nyingi sana). Mhusika anajijaza mwenyewe, mtu wa karibu naye anajaza kumhusu, kisha unachukua wastani wa wawili hao.

Linaharibikia wapi? Kwanza, baadhi ya sentensi zimegeuzwa ("napenda kukaa na watu"), kwa hiyo 6 inahesabiwa 1, 5 inahesabiwa 2. Ukisahau, mchangamfu kuliko wote anatoka kama mpweke. Pili, watu wanaruka hatua ya mtu wa pili, na asiyeng'amua vijembe hawezi kujua ni vingapi vimempita. Tatu, mipaka ya alama (kiwango ambacho mtu akikipita anahesabiwa kuwa na tabia hiyo) ilitokana na wazazi wa Marekani. Msiitumie kutoa hukumu hapa. Tumieni majibu kama mwanzo wa mazungumzo.

Jambo la nne halimo kwenye dodoso lolote. Usimhoji mama mbele ya wakwe. Jibu lake litageuzwa ushahidi kwamba "ugonjwa umetoka kwao". Hoji upande wa baba na wa mama mbalimbali, maswali yaleyale. Kulikuwa na miaka ambayo wataalamu wenyewe walidai ubaridi wa mama ndio unaoleta usonji. Dai hilo lilishaanguka, lisifufukie barazani.

Kliniki_Pangani
Mnamsahau mdogo wake. Tafiti za 2011 na 2024 zilizofuatilia wadogo wa watoto wenye usonji zilikuta takribani 20 kati ya 100 nao wanao, wavulana zaidi ya wasichana. Kwa hiyo fomu iandike umri wa kila mdogo kwa miezi. Akiwa kati ya miezi 16 na 30, mfanyieni M-CHAT-R, dodoso la kuchuja dalili za usonji ambalo mzazi anajibu: maswali 20 ya ndiyo au hapana. Kila jibu linaloashiria usonji ni alama moja. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 unarudi na maswali ya ufuatiliaji kwa yale yaliyompa alama. 8 na zaidi unampa rufaa moja kwa moja. Kabla ya miezi 16 angalieni kama anageuka akiitwa jina na kama ananyoosha kidole kuonyesha kitu. Asipofanya, msingoje afike umri wa dodoso.

Na faida ya kujua tabia za mzazi ni hii: unabadili namna ya kumpa maelekezo. Baba asiyependa mabadiliko mwambie "Jumanne saa nne asubuhi, dakika 30, chumba cha pili", usimwambie "pitapita wiki ijayo". Zoezi la nyumbani liandike hatua kwa hatua kwenye karatasi moja. Mara nyingi ndiye atakayelifanya kila siku bila kuruka, mradi usilibadilishe katikati ya wiki.