Naomba ushauri: nashuku baiskeli ina mota ndani ya fremu

Mlima_Mkali: Habari wakuu. Jumapili kuna mbio za ridhaa za barabarani. Kuna kijana akifika mlimani hanyanyuki kitini, pumzi shwari, na anawaacha wote. Eksirei hatuna. Baiskeli yake inakaguliwaje?

GiaNdogo: Anza na mzani. Vivax Assist, mota inayojulikana zaidi, pamoja na betri yake ni karibu kilo 1.8. Kisha chomoa nguzo ya kiti, mulika tochi hadi kwenye ekseli ya pedali. Ukikuta silinda imejaza bomba, hiyo ni mota. Waya peke yake usiukimbilie, gia za umeme nazo huweka betri humo.

Mnyororo: Dira ya simu husaidia kidogo kuhisi sumaku ya mota: ipitishe polepole, linganisha na baiskeli ya muundo uleule, maana beringi za chuma huivuruga. Kamera ya joto haioni mota iliyopoa. UCI wenyewe, shirikisho la kimataifa la baiskeli, walianza na tableti za kupima sumaku, 2018 wakaongeza eksirei. Ila mkuu, wewe ni mwamuzi?

Mlima_Mkali: Hapana.

Mnyororo: Nani basi?

Mlima_Mkali: Kocha wa anayeshika nafasi ya pili. Hilo halibadilishi kitu. Baiskeli zinalala stoo moja na ufunguo ninao. Nitaifungua usiku, nipige picha. Nikisema mapema ataitoa.

Bi_Mwamuzi: Usithubutu. Bila mwenye baiskeli na shahidi, utaambiwa umeiweka wewe. Zolder, Ubelgiji, Januari 2016, maofisa ndio walioikuta mota kwenye baiskeli ya akiba ya mwendeshaji Femke Van den Driessche. Akafungiwa miaka 6 na faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Waombe waamuzi wazishike baiskeli za watatu wa kwanza pale pale mwisho wa mbio, na za akiba pia.

GiaNdogo: Nguzo yake ina kipenyo gani?

Mlima_Mkali: Milimita 27.2.

GiaNdogo: Basi uzi huu ni wa kutunga. Vivax ilitaka bomba lenye nafasi ya 30.9 au 31.6 kwa ndani. Nahisi unatafuta namna ya kufunga yako.

Mlima_Mkali: Sijatunga. Kuna pete ya alumini kati ya nguzo na bomba.

GiaNdogo: Hilo ungelisema mwanzo. Pete hutumika kihalali, watu hupenda nguzo nyembamba kwa kupunguza mtikisiko, lakini bomba lina nafasi. Mwamuzi apime kipenyo cha ndani, kisha afungue utepe wa usukani. Kitufe cha kuwasha mota hufichwa chini yake.