Mto wangu wa rangi za mafuta umeganda kama lami, nakosea wapi?

mchoraji_tabata
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana wiki ya tatu hii nahangaika. Mimi nimejifunzia kwa mafundi wa uchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, rangi ya enameli juu ya hadibodi, ndo mkono wangu ulipokulia. Sasa nimehamia rangi za mafuta, nachora mto Ruvu, nilisimama darajani barabara ya Morogoro nikapiga picha na simu. Miti imekubali, kingo zimekubali, maji yamegoma. Nikiweka bluu inakuwa bahari, nikiweka nyeupe inakuwa kama povu la Omo. Nakosea wapi?

brashi_ya_kale
Mkuu, ni mazoea ya enameli hayo. Enameli inakauka chap, unapaka, unasubiri, unapaka nyingine juu, mstari unabaki mkali, na kwa Tingatinga ndo uzuri wenyewe. Maji hayataki hivyo. Paka rangi ya giza na ya mwanga zote zikiwa mbichi, halafu brashi kavu ipite kwenye mpaka wao kufuata mkondo unakoelekea, mara moja tu usirudierudie, ukirudia inakuwa tope. Na bluu ya nini Ruvu? Ule mto wa udongo. Chukua yelo oka (njano ya udongo) na banti amba (kahawia iliyokolea), ultramarini, ile bluu nzito, kidogo sana kwenye kina, bluu ya anga weka pale tu mgongo wa wimbi unapoangalia juu.

mama_kanvasi
Mdogo wangu, picha ya simu ndo inakudanganya, inagandisha kila tone kwahiyo na wewe unachora vitu vilivyoganda. Rudi mtoni ukae hata saa nzima bila kuchora. Tafuta jiwe au gogo maji yanapopita juu yake, utaona maji yanakimbia ila umbo la wimbi linabaki palepale, linatetemeka tu. Hilo umbo ndo unalichora! Kabla ya gogo maji yanavimba laini na meusi, yanashuka, chini ndo yanapasuka povu. Mimi siku nilipoliona hilo nilichora mpaka giza likaingia, sijawahi kusahau.

mchoraji_tabata
Asante sana dada, jumamosi naenda. Na hilo povu sasa? Nyeupe tupu?

mama_kanvasi
Hapana, povu nalo lina kivuli. Anza na kijivu chenye ukahawia, nyeupe ya titani iwe ya mwisho kabisa, vidoa vichache jua linapopiga, nene, usiisambaze.

kijana_mbagala
Naongezea, msifanye kosa nililofanya mimi. Nilianza na tabaka lenye mafuta mengi ya linsidi (ya mbegu za kitani), juu nikapaka rangi nyembamba iliyozimuliwa na tapentaini, baadae picha yote ikapasuka nyufa. Chini weka nyembamba, mafuta yaongezeke unavyopanda juu. Na haya mafuta hayakauki kama nguo, yanakauka kwa kuvuta hewa taratibu, usione juu kumeshika ukadhani ndani tayari.

mchoraji_tabata
Nimeyakwangua maji yote na kisu usiku huu, miti nimeiacha. Nikirudi Ruvu naweka picha hapa.

brashi_ya_kale
Tunaisubiri mkuu. Chukua na video, uiangalie polepole.