Shopify, WooCommerce au niandikiwe mfumo wangu mwenyewe? Naomba tulinganishe

Mwenye_Bobini:
Wakuu habari za muda huu. Nauza vipuri vya cherehani, sindano, bobini, mikanda, mota na vikorokoro vyote vya humo, rejareja na jumla, item kama 1,800 hivi. Mpaka leo naendesha kwa Excel na WhatsApp, mteja anatuma picha ya kipuri kilichovunjika, namwambia ngoja, naenda kuangalia rafuni kama kipo kwa sababu Excel yenyewe siiamini hata kidogo. Sasa nataka duka la mtandaoni na nina mapendekezo matatu mezani. Wa kwanza kasema Shopify, wa pili WooCommerce, ile plagini (programu ya nyongeza) inayogeuza tovuti ya WordPress kuwa duka, wa tatu ni kampuni inataka kuniandikia kila kitu kuanzia mwanzo kwa Laravel, zana ya kuandikia tovuti, wanasema huo ndo utakuwa mali yangu kabisa. Huyo wa tatu ana slaidi nzuri kuliko wote, sikatai. Aliyepita njia hizi anieleze ukweli, matangazo nimeshayasoma.

kijiti77:
Shopify mkuu, usijichoshe. Unalipia kwa mwezi, seva wanaangalia wao, usalama wao, wewe unapiga picha bidhaa unapandisha. Halafu kumbuka wale jamaa walianza wakiuza snowboard mtandaoni 2004, wakakosa programu inayowafaa wakajiandikia yao, 2006 ndo wakaigeuza kuwa biashara. Ile kitu imezaliwa dukani.

Mzee wa Seva:
Kijiti umesema kweli ila umeruka ukurasa. Shopify ni nyumba ya kupanga, rangi unachagua ila ukuta hubomoi. Kabla hata hujafungua akaunti nenda kaangalie kama geti lao wenyewe la malipo (huduma inayopokea hela ya mteja mtandaoni), Shopify Payments, linafanya kazi nchi uliko, maana si kila nchi, na ukitumia geti lingine wanakukata asilimia yao juu ya ile ya geti. Kwa biashara ya faida nyembamba kama vipuri hiyo asilimia utaisikia. Pili, bidhaa moja unaipa aina 3 tu za chaguo, mfano saizi, rangi, na kingine kimoja. Michanganyiko yake, yaani kila saizi kwa kila rangi, kwa miaka mingi ilikuwa haipiti 100, siku hizi wamepandisha sana, ila zile 3 ziko palepale.

WooCommerce ni kiwanja chako. Unajenga utakavyo, ila paa likivuja unapanda mwenyewe.

dada_wa_mahesabu:
Mimi naomba watu waache kusema "Woo ni bure". Plagini yenyewe ndio bure, sasa weka hostingi ya maana (seva ya kukodi ambapo tovuti inakaa), weka plagini za kulipia kila mwaka, bei za jumla moja, usafirishaji moja, invoisi moja, halafu weka mtu wa kukaa nayo kila toleo jipya linapotoka kwa sababu siku plagini mbili zikigombana ukurasa wa malipo ndo unakuwa mweupe. Nimefunga hesabu za maduka ya aina zote mbili na tofauti ya jumla kwa miaka mitatu haikuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Tofauti ilikuwa ni nani anashika simu mambo yakiharibika. Piga hesabu ya miaka mitatu, usipige ya mwezi wa kwanza.

Jongoo_Online:
Mbona hamumtajii Magento? Au PrestaShop? Si nazo ni programu za duka la mtandaoni?

Mzee wa Seva:
Kwa item 1,800 na watu wawili watatu, Magento ni kununua lori kubebea begi. Halafu ina historia ya kujifunza: Adobe waliinunua 2018, msaada wa Magento 1 ukakatwa Juni 2020, na kutoka 1 kwenda 2 haikuwa kubonyeza "sasisha", ilikuwa kujenga upya karibu kila kitu, sura, plagini, vyote. Watu walidhani kwa sababu programu ni huria basi wamemaliza. PrestaShop sina ugomvi nayo ila sijaitumia miaka, sitaki kudanganya.

fundi_databesi:
Mwenye_Bobini kabla sijasema chochote naomba unijibu maswali mawili. Mteja anaitafutaje sindano akiwa kwako? Na sindano unaziuza kwa kipimo gani?

Mwenye_Bobini:
Hapo umenigusa mkuu. Sindano ya cherehani ya nyumbani mmoja ataiita 15x1, mwingine HAx1, mwingine 130/705H, zote ni sindano ileile. Saizi nayo ukiwa na 90/14 kuna anayesema 90 na kuna anayesema 14. Za viwandani ndo DBx1, nyingine kabisa, mteja akipelekewa kwa makosa inarudi. Kuuza nauza pakiti ya sindano 10, na boksi lenye pakiti 10 kwa wa jumla. Pakiti zikiisha nafungua boksi.

fundi_databesi:
Sawa. Basi majibu yako yote yamo humo kwenye "nafungua boksi", na nina uhakika hakuna slaidi hata moja kati ya tatu iliyoligusa.

Nianze na kutafuta maana ndo rahisi. WooCommerce inatumia utafutaji wa WordPress, ambao wa kawaida unasoma kichwa, muhtasari na maelezo ya bidhaa, haufiki kwenye vile visanduku vya sifa. Dawa ya bei chee ni kuandika majina yote matatu kwenye maelezo ya kila sindano, inachosha ila inafanya kazi. Shopify wana plagini yao inaitwa Search & Discovery, unaingiza visawe mara moja imetoka hiyo. Mfumo wa kuandikiwa: utafanya chochote utakachowaambia, usipowaambia mteja ataandika HAx1 ataambiwa hakuna bidhaa ataondoka, na wewe hutajua kwamba alikuja.

Sasa boksi. Ukiweka pakiti kuwa chaguo moja na boksi chaguo la pili, mifumo yote miwili ya tayari itahesabu kila kimoja peke yake. Una boksi 5 na pakiti 3, mteja anataka pakiti 7, mfumo unamwambia zipo 3 tu, na wewe umekaa na pakiti 50 nyingine ndani ya maboksi. Woo unaweza kuziambia zishiriki hesabu moja ya bidhaa mama, lakini ukiuza boksi itapunguza 1, haijui kwamba ni 10. Inahitaji plagini. Shopify wana Bundles ambayo boksi linakuwa kifurushi cha pakiti 10, stoku inahesabiwa kwa pakiti. Kwa vyovyote kanuni ni moja, stoku ihesabiwe kwa kile kipimo kidogo kabisa unachouza, boksi liwe ni njia tu ya kuuza, lisiwe mzigo mwingine.

Jaribu hivi, mwambie kila mmoja wa hao watatu akuonyeshe live kuuza boksi moja kisha pakiti tatu za sindano hiyohiyo, wewe unaangalia namba inashuka kuwa ngapi. Atakayeanza kusema "hiyo tutaiweka baadaye" umeshamjua.

kijiti77:
Aisee sindano tu imetoa insha nzima 😂

Nimeungua_Tayari:
Niache nicheke kidogo halafu nilie. Mimi nilichukua njia ya kuandikiwa. Mfumo ulikuwa mzuri sijui nisemeje, kila kitu kama nilivyotaka, mwaka wa kwanza nilikuwa nawaringia watu. Yule jamaa akapata kazi sehemu akaanza kujibu meseji baada ya wiki, baadae kimya. Nataka kubadilisha geti la malipo, fundi mpya ananiuliza faili za mfumo ziko wapi, sijui. Paswedi ya seva, sina. Domeini, yaani anwani ya tovuti, iko kwa jina la nani, tukaangalia, iko kwa jina la jamaa! Jina la biashara yangu, lililobandikwa hadi kwenye mabegi, si langu. Nilimbembeleza miezi minne akanihamishia. Kwa hiyo hao wanaokwambia "mali yako kabisa" waulize mali hiyo inakaa kwenye akaunti ya nani. Domeini nunua mwenyewe kwa email yako kabla hujamwita mtu yeyote, hata huyo wa Shopify.

Mwenye_Bobini:
Pole sana. Nimepitia mkataba wao sasa hivi, hakuna neno domeini wala neno faili. Ila kuna kitu nataka kuuliza, slaidi ya 9 imeandikwa "mfumo utahifadhi kadi ya mteja ili anunue tena kwa kubofya mara moja". Hiyo si ni nzuri?

fundi_databesi:
Kimbia.

Mzee wa Seva:
Fundi usimwachie hapo, mweleze. Mkuu, namba za kadi zikikaa kwenye databesi yako umeingia mzima mzima kwenye PCI DSS, kanuni za usalama wa kadi. Baraza linalozisimamia liliundwa 2006 na Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB, na ukiibiwa data wao ndo mabwana wa mchezo. Zile tarakimu tatu au nne za usalama haziruhusiwi kuhifadhiwa kabisa malipo yakishaidhinishwa, hata kwa kuzificha kwa siri. Kununua tena kwa kubofya mara moja kunawezekana bila hayo yote, mteja anaandika kadi kwenye ukurasa wa geti, geti linakupa tokeni, yaani kodi mbadala badala ya namba ya kadi, wewe unatunza tokeni. Mwizi akiichukua hainunui kitu kwingine. Labda na wao walimaanisha hivyo, waulize, ila jibu lao likiwa refu sana ujue.

Jongoo_Online:
Na je pakiti ya mwisho, watu wawili wakinunua sekunde moja?

fundi_databesi:
Swali zuri, na hapa ndo mifumo ya kuandikiwa huwa inaanguka bila mtu kujua mpaka duka lichangamke. Fundi mwenye haraka anaandika hivi: soma stoku, ikiwa 1 au zaidi endelea, kisha punguza. Mteja A anasoma 1, mteja B naye anasoma 1 kabla A hajapunguza, wote wanapewa risiti, stoku inakuwa hasi 1, na wewe una pakiti moja mkononi na watu wawili wamelipa. Inatakiwa iwe amri moja ndani ya databesi, punguza 1 pale tu idadi ikiwa bado inatosha, halafu angalia kama kweli imepunguza. Mwambie fundi akuonyeshe mstari huo, haupiti mistari mitatu.

Woo na Shopify hilo wameshapigana nalo miaka. Ila elewa kwamba kuweka kitu kikapuni hakukishiki kwenye lolote kati ya hayo mawili. Woo kuna mpangilio wa kushikilia mzigo wa oda isiyolipwa, kawaida ni dakika 60, kisha inaachia. Kama malipo yako yanachelewa kuthibitishwa, ongeza hizo dakika, la sivyo oda itafutwa huku hela iko njiani.

Na kitu kingine, geti la malipo linapoleta taarifa kwamba fulani amelipa linaweza kuileta mara mbili, huo ni utaratibu wake wala si kosa, halikupata jibu kwako likarudia. Mfumo usiotambua kwamba taarifa hii imeshakuja utatoa mzigo mara mbili. Wote watatu waulize.

Mzee wa Seva:
Niongezee kwa upande wa Woo maana ndo chakula changu. Oda zilikuwa zinarundikwa meza moja (jedwali la databesi) na makala za blogu, duka likikua linaanza kuburuta miguu. Kuanzia toleo 8.2 la Oktoba 2023 duka jipya oda zinapewa meza zake, kwa hiyo fundi akikuletea plagini ya kale isiyoelewana na mpangilio huo, kataa. Pia ratiba za WordPress, kutuma email, kufuta oda zilizokufa, zinaamka pale tu mtu anapofungua ukurasa, usiku hakuna mtu basi hazitembei. Weka kron halisi kwenye seva, yaani ratiba ya seva yenyewe inayoamsha kazi kwa saa. Kazi ya dakika tano ila nimekuta maduka mengi hayana.

dada_wa_mahesabu:
Na mimi la mwisho niwaache. Yeyote utakayemchukua, bei kwenye oda ya jana isibadilike leo ukipandisha bei ya bidhaa. Kwenye mfumo wa kuandikiwa nimeliona hilo kwa macho, oda haikutunza bei, ilikuwa inaenda kuisoma kwenye bidhaa, mwenye duka kapandisha bei za mikanda, mauzo ya miezi sita iliyopita yakapanda yenyewe. Tulifurahi kama saa moja hivi 😅 Pia hela zisihifadhiwe kwa namba za desimali za kompyuta za kawaida, zile ambazo 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Watumie namba kamili kwa kipimo kidogo cha hela, au aina ya desimali kamili ya databesi.

kijiti77:
Kwa hiyo kura? Mimi bado Shopify.

fundi_databesi:
Kama Shopify Payments ipo nchini kwake, Shopify. Kama haipo na ana mtu wa kuaminika karibu, Woo. Laravel mtu anaandikiwa akishauza mwaka mzima akajua hasa nini kinamkwama, tena anaweza kuandikiwa kipande hicho tu kikaunganishwa na duka lililopo. Sasa hivi hajui bado, na hao kampuni hawajui pia, watajifunzia kwa hela yake.

Nimeungua_Tayari:
+1, na domeini kwa jina lako.

Mwenye_Bobini:
Domeini nimeshanunua jana usiku kwa email yangu. Hao watatu nimewaandikia wote waje na onyesho la boksi na pakiti, wawili wamekubali, wa slaidi amesema atanipigia. Shopify Payments huku haipo nimeangalia, kwa hiyo Woo inaelekea. Ila nimeambiwa nipeleke orodha safi ya stoku kwanza, nikaanza na rafu ya mikanda. Excel inasema 14. Rafuni ipo 9. Nikimaliza rafu zote nitarudi.

dada_wa_mahesabu:
Hesabu duka likiwa limefungwa, la sivyo utahesabu mara mbili.