Chuo Kikuu cha Cape Town: ni hatua ipi iliyombadilishia hali mwanafunzi mweusi maskini?

Mkazi wa Changanyikeni (muulizaji):
Ndugu wanajamvi, ninaandaa mada ya semina kuhusu namna vyuo vikuu vinavyojaribu kurekebisha dhuluma ya ubaguzi wa rangi, na nimechagua Cape Town kwa sababu habari zake zinatugusa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 chuo hicho kilimteua Archie Mafeje, Mwafrika mzawa wa Afrika Kusini, kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia, kisha kikaufuta uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya Makaburu. Wanafunzi walikalia jengo la utawala kwa siku kadhaa bila mafanikio, na Mafeje akaja kuongoza Idara ya Sosholojia hapa Dar es Salaam. Chuo kiliiomba radhi familia yake mwaka 2008, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Swali langu ni hili: tangu utawala wa ubaguzi ulipokoma mwaka 1994, ni hatua ipi iliyomfaa kweli mwanafunzi mweusi maskini, na ipi ilikuwa pambo tu?

Mtumishi wa Masjala:
Mwalimu, ili kuupima udahili wa leo ni lazima kuanzia mwaka 1959, ilipotungwa sheria iliyoitwa, kwa kejeli isiyokusudiwa, Sheria ya Kupanua Elimu ya Chuo Kikuu. Kwa sheria hiyo mwanafunzi asiye mzungu hakuweza kujiunga na chuo kama Cape Town bila kibali cha waziri, huku Waafrika, Wahindi na machotara wakijengewa vyuo vyao vya pembeni kwa kufuata kabila na rangi. Hivyo mtu anayesema leo kwamba alama za mtihani pekee ndizo zitumike, anasahau kwamba alama hizo huvunwa katika shule ambazo kwa miongo kadhaa zilipewa mafungu ya fedha yasiyolingana hata kidogo.

Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2016, Cape Town ilianza kutazama pia hali ya shule aliyotoka mwombaji, lugha ya nyumbani kwake, na kama wazazi wake walifika chuo kikuu. Rangi haikuondolewa kabisa, lakini haikuachwa ibebe mzigo wote peke yake. Naona huo ni utaratibu wa haki zaidi, kwani mtoto wa waziri mweusi na mtoto wa mfanyakazi wa ndani wa Khayelitsha, kitongoji cha weusi maskini pembezoni mwa Cape Town, hawakuanzia mstari mmoja.

Niliyefundisha Kusini:
Ndugu wa Masjala amefungua mlango vizuri, ila mimi niliwaona waliokwishaingia. Nilikuwa mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja cha nchi hiyo, ambacho sitakitaja, na kila Februari nilikuwa na wanafunzi waliodahiliwa kwa heshima zote lakini wakilala maktabani, kwa sababu fedha za ufadhili zilikuwa hazijafika na bweni halikuwapokea bila malipo ya awali. Mmoja alisinzia darasani kila Jumatatu, nami nilimdhania mvivu hadi nilipoambiwa na mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni fedha. Oktoba 2015, baada ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand kutangaza nyongeza ya ada ya asilimia 10.5, wanafunzi waligoma nchi nzima, na tarehe 23 mwezi huo Rais Zuma akatangaza kwamba ada za mwaka 2016 hazitapanda. Desemba 2017 akaenda mbali zaidi: wanaotoka katika familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka wapewe ruzuku badala ya mkopo, ambapo awali kikomo cha kusaidiwa kilikuwa randi 122,000. Waliobaki katikati, mathalani watoto wa wauguzi na walimu, hadi leo wanahangaika.

Binti wa Pangani:
Kaka, nakubaliana nawe kuhusu fedha, lakini neno «pambo» alilotumia Mwalimu linanisumbua. Sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza, iliyong'olewa tarehe 9 Aprili 2015 ilikuwa mbele ya chuo hicho cha Cape Town, kilichojengwa juu ya ardhi aliyoiacha yeye, na madai ya wanafunzi hayakuishia kwenye shaba. Waliuliza kwa nini maprofesa weusi ni wachache, na kwa nini Afrika inafundishwa kana kwamba ni mahali pa mbali. Kuhusu swali hilo la mtaala, Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, alikuwa amegombana na wenzake chuoni hapohapo mwishoni mwa miaka ya 1990, akaishia kuondoka. Ona pia kwamba zile nyongeza za ada zilipingwa miezi sita tu baada ya sanamu kuondoka. Waliojifunza kudai jambo la kwanza ndio waliokuwa tayari kwa la pili.

Mkazi wa Changanyikeni:
Dada, nimelifuta neno hilo kwenye rasimu yangu. Lakini nimebakiwa na jambo moja, na Kaka aliyefundisha huko huenda akanisaidia: wale wanaowekwa katika programu za shahada ya miaka mitatu inayosomwa kwa minne, ili wapate msingi ambao shule haikuwapa, je, wenzao waliwachukuliaje? Nahofia msaada unaomtenga mtu katika darasa lake mwenyewe, ambamo karibu wote ni weusi.

Niliyefundisha Kusini:
Waliwaita majina, Mwalimu. Baadhi yao waliificha ratiba yao ya masomo hata kwa waliolala nao chumba kimoja, ingawa katika makundi niliyoyafundisha, wao ndio waliokuja na maswali yaliyoandikwa.